Saa iliyo mkononi mwa mdaiwa

Juni 12, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Parrish dhidi ya Marekani, na waliolizungumzia wakagawanyika mara moja. Kuna waliofurahi kwamba hatimaye wafungwa wanaojiwakilisha wenyewe wamelegezewa masharti ya muda, na kuna waliokasirika kwa sababu hiyohiyo. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeisoma hukumu ambayo haikuandikwa. Mahakama haikulegeza ukomo hata mmoja. Ilimwondolea adhabu mtu aliyewasilisha karatasi yake mapema mno, jambo lililo mbali na mahali ambapo kesi nyingi za wafungwa hufia. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba ufupi wa muda ni nusu tu ya tatizo. Nusu kubwa zaidi ni kuwa saa yenyewe imo mkononi mwa mdaiwa, yaani gereza au serikali inayoshtakiwa: yeye ndiye anayepokea barua za mfungwa, anayezituma, anayemhamisha gereza, na mara nyingi ndiye aliyepanga ni siku ngapi mfungwa apewe kulalamika. Bila kuligusa hilo, hukumu nyingine kumi kama hii zitabadilisha kidogo sana.

Tuanze na kilichotokea. Parrish, mfungwa wa serikali ya shirikisho, alikuwa amefungua kesi ya madai akidai fidia kwa kuwekwa kwenye kitengo cha kutengwa kwa karibu miaka miwili. Mwaka 2020 mahakama ya wilaya ikaitupilia mbali kesi yake, na nakala ya amri hiyo ikatumwa kwenye gereza ambalo yeye hakuwepo tena, maana alikwisha kuhamishwa. Alikuja kuipata baada ya miezi mitatu, muda wa rufaa ukiwa umepita. Akaandika haraka notisi ya rufaa na kueleza kwa nini amechelewa. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nne iliichukulia karatasi ile kuwa ni ombi la kufunguliwa upya muda wa rufaa, ikairudisha chini, na jaji wa wilaya akakubali: akafungua dirisha la siku 14. Mfungwa, ambaye notisi yake ilikuwa tayari kwenye jalada, hakupeleka notisi ya pili. Mwaka 2023 Kanda ya Nne ikasema haina mamlaka ya kumsikiliza, kwa kuwa notisi ya kwanza ilikuja kabla dirisha halijafunguliwa na ya pili haikuja kabisa. Serikali yenyewe, iliyokuwa mdaiwa, ilikubaliana na mfungwa kwamba huko ni kukosea, hata Mahakama ya Juu ikalazimika kuteua wakili wa kuutetea uamuzi ambao hakuna mhusika aliyeutetea. Majaji wanane kati ya tisa wakampa ushindi mfungwa, na sita kati yao wakaona kwamba notisi iliyowahi inasubiri, na dirisha likifunguliwa inahesabika. Jaji Sonia Sotomayor ndiye aliyeandika hukumu ya mahakama. Jaji Neil Gorsuch peke yake ndiye aliyepinga, akiona jambo hilo lingeachiwa kamati inayoandaa kanuni za mahakama, iliyokuwa tayari inalishughulikia.

Sasa tazama yale ambayo hayakuguswa. Katika mahakama za shirikisho mtu ana siku 30 za kukata rufaa kwenye kesi ya madai, au 60 kama serikali ya Marekani ni mhusika. Asipopata taarifa ya hukumu ndani ya siku 21, sheria inamruhusu aombe muda ufunguliwe upya, lakini aombe ndani ya siku 14 tangu alipoipata taarifa au ndani ya siku 180 tangu hukumu iandikwe, lolote litakalotangulia. Mfungwa ambaye bahasha yake imezunguka magereza matatu ikamfikia siku ya 181 hana pa kushika, hata kama kila mtu anakiri kwamba kosa si lake. Tena ukomo huu unagusa mamlaka yenyewe ya mahakama, kwa hiyo huruma haina nafasi. Mwaka 2007, katika shauri la Bowles dhidi ya Russell, jaji wa wilaya alikosea hesabu akampa mfungwa siku 17 badala ya 14. Notisi ikaletwa siku ya 16, ndani ya muda alioupanga jaji kwa maandishi. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema imechelewa. Uamuzi huo ungali sheria leo.

Na hayo yote ni ya mwishoni. Kesi ya mfungwa huwa imeshapita kwenye tundu za sindano kadhaa kabla jaji hajaandika lolote. Chukua mfungwa wa gereza la jimbo aliyepigwa na askari. Njia yake ya kudai haki za kiraia ni sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa wakati kundi la Wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan likiwatesa Weusi wa Kusini na serikali za majimbo zikifumba macho. Sheria hiyo haina ukomo wake wa muda, kwa hiyo mahakama huazima ule wa madai ya majeraha ya mwili katika jimbo husika. Majimbo mengi yana miaka miwili au mitatu. Tennessee na Kentucky zina mwaka mmoja. Msomaji atasema mwaka si haba. Lakini kabla ya mwaka huo kuwa na maana, Sheria ya Marekebisho ya Mashauri ya Wafungwa, iliyopachikwa ndani ya muswada wa matumizi ya serikali na kutiwa saini na Rais Bill Clinton Aprili 26, 1996, inamtaka mfungwa amalize kwanza ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza. Na mwaka 2006, katika shauri la Woodford dhidi ya Ngo lililotoka California, Mahakama ya Juu ilisema kumaliza maana yake ni kumaliza kwa kufuata kila kanuni ya gereza, muda ukiwemo. Pale California muda ulikuwa siku 15 za kazi. Aliyechelewa fomu ya ndani amepoteza kesi ya shirikisho, hata kama ule ukomo wa mwaka au miaka mitatu uko mbali.

Katika maoni yake ya kupinga, Jaji John Paul Stevens alitaja kwamba katika majimbo tisa muda wa kupeleka malalamiko ulikuwa kati ya siku mbili na tano. Mtu aliyevunjwa taya Jumatatu anaweza kuwa ameshapoteza haki yake ya kushtaki kufikia Ijumaa, angali kwenye kitanda cha zahanati ya gereza. Na aliyeziweka siku hizo mbili si Bunge wala mahakama. Ni idara ya magereza, ambayo watumishi wake ndio watakaoshtakiwa. Mwaka uliofuata, katika Jones dhidi ya Bock, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba masharti ya kumaliza ngazi yanatoka kwenye kanuni za gereza lenyewe. Waswahili tunajua maana ya kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Hapa nyani hajapewa kesi tu, amepewa na kalenda.

Siku sita baada ya hukumu ya Parrish, mahakama hiyohiyo ilitoa nyingine iliyozungumzwa kidogo, nami naiona ina uzito zaidi. Ni Perttu dhidi ya Richards, kutoka Michigan. Mfungwa alidai mtumishi wa gereza alimdhalilisha kingono na kisha akamharibia fomu za malalamiko asipate kuzipeleka. Swali likawa: nani aamue kama fomu ziliharibiwa, jaji peke yake au baraza la raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi? Kwa kura 5 dhidi ya 4, jibu likawa baraza la raia, pale ambapo mgogoro wa fomu umefungamana na dai lenyewe. Uamuzi huu ndio unaokaribia kiini cha jambo, kwa sababu unakiri kwamba aliyeshika fomu anaweza kuwa ndiye aliyetenda kosa.

Nitoe mfano mmoja nilioushika mwenyewe. Nimewahi kuwasaidia kusoma barua wakimbizi wa Kikongo walioko Marekani, watu wazima wanaokisema Kiswahili vizuri na Kiingereza kwa shida. Mama mmoja alinipa bahasha ya kahawia aliyotumiwa na mwanawe aliyeko gerezani. Ndani mlikuwa na pendekezo la hakimu wa shirikisho kwamba kesi ya kijana itupwe, na mstari wa mwisho ukisema mwenye pingamizi alilete ndani ya siku 14. Nilisoma, kisha nikaigeuza ile bahasha ya mahakama iliyokuwa ndani ya bahasha ya mama. Muhuri wa posta ulikuwa na tarehe yake. Muhuri wa chumba cha barua cha gereza, wa wino wa zambarau, ulikuwa na nyingine. Kati yake siku 19. Kwa kanuni za kule, barua ya mahakama inahesabika imefika siku ilipowekwa posta, na kwa sababu ya posta mtu anaongezewa siku tatu. Kumi na nne na tatu ni kumi na saba. Kijana alitia sahihi kupokea barua ambayo muda wake ulikuwa umekwisha siku mbili nyuma. Mama aliniuliza kama mwanawe amefanya uzembe. Nilimwonyesha mihuri miwili kwa kidole, na alinyamaza kwa muda mrefu. Kijana aliomba aongezewe muda, akaambatanisha nakala ya ukurasa wa rejista ya barua za kisheria, na jaji akamkubalia. Nalitaja hilo kwa haki. Lakini fikiria alichohitaji ili aokoke: ukurasa wa daftari linalotunzwa na mdaiwa wake, nakala iliyotolewa na mashine ya mdaiwa wake, na bahasha ambayo angeweza kabisa kuwa ameitupa.

Wanaotetea ukomo mkali wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba shauri lazima liwe na mwisho. Picha za kamera za gerezani hufutwa, askari huhama, mashahidi huachiliwa na kutawanyika, na hata mdaiwa muovu ana haki ya kujua kama bado anadaiwa. Malalamiko ya haraka pia humpa mkuu wa gereza nafasi ya kurekebisha jambo kabla halijawa kesi. Nakubali hilo lote. Ya pili ni wingi. Katikati ya miaka ya 1990 wafungwa walikuwa wakifungua karibu kesi 40,000 za haki za kiraia kwa mwaka katika mahakama za shirikisho, na nyingi hazikuwa na mguu wa kusimamia. Jaji mwenye majalada mia tatu anahitaji ungo. Ila ungo wenyewe uliuzwa kwa simulizi zisizo kamili. Bunge lilisimuliwa habari ya mfungwa aliyeshtaki kwa kupewa siagi ya karanga laini badala ya yenye vipande. Jaji Jon Newman wa Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Pili alifuatilia jalada akakuta mambo mengine: mtu yule alirudisha kopo alilopelekewa kimakosa, na dola zake mbili na nusu hazikurudishwa kwenye akaunti yake. Ni kiasi kidogo kwetu, lakini kwa mfungwa ni siku kadhaa za kazi, na dai lake lilikuwa la fedha yake, siyo la ladha.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba mfungwa hana kazi, ana muda tele, basi akichelewa ni kwa kutaka. Anayesema hivi anachanganya vitu viwili. Mfungwa ana saa nyingi za kukaa. Saa za kufanya jambo kwa hiari yake ni chache mno. Kwenda maktaba ya sheria kunahitaji kibali cha maandishi na nafasi kwenye orodha. Gereza likifungwa kwa sababu ya vurugu au uhaba wa askari, wote hukaa selo siku au wiki, na kalenda ya mahakama haisimami. Nakala hulipiwa. Stempu hununuliwa duka la gereza kwa siku zake. Akihamishwa, karatasi zake husafiri kwa njia nyingine na kufika baadaye, zikifika. Hawezi kupiga simu masjala kuuliza kama karatasi imepokelewa, hawezi kumtuma mtoto wa jirani. Wakili wa upande wa pili ana programu inayomkumbusha kila tarehe na huwasilisha nyaraka kwa intaneti saa tano usiku akiwa nyumbani. Mahakama inaweza kumwombea mfungwa wakili wa kujitolea kwenye kesi ya madai, lakini haki ya kupewa wakili hana.

Kuna hoja ya tatu, yenye heshima zaidi: kanuni ziwe moja kwa wote. Mwaka 1993, katika McNeil dhidi ya Marekani, Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba kanuni za kawaida za mashauri ya madai hazipaswi kutafsiriwa ili kusamehe makosa ya wasio na wakili. Ningeikubali hoja hii kama usawa huo ungekuwepo. Haupo, na walioufuta ni watunga sheria wenyewe. Sheria ile ya 1996 ina kifungu ambacho hata mawakili wengi hawakikumbuki: mdaiwa aliyeshtakiwa na mfungwa anaweza kukataa kujibu madai, na ukimya wake hauhesabiki kuwa amekiri. Tena mfungwa hawezi kupewa nafuu yoyote mpaka jibu liletwe, labda jaji amwamuru mdaiwa ajibu kwa kuona dai lina nafasi ya kushinda. Katika kesi nyingine ya madai, anayekaa kimya bila kuomba muda baada ya siku 21 anajiweka kwenye hatari ya kushindwa bila kusikilizwa. Kwa hiyo mfungwa akinyamaza siku 14 amepoteza; mdaiwa wake akinyamaza, mfungwa ndiye anayesubiri. Mwenye kutaka kanuni moja kwa wote aanzie hapo.

Marekani yenyewe ilishaiona njia ya kutokea, miaka mingi iliyopita. Mwaka 1988, katika Houston dhidi ya Lack, mfungwa wa Tennessee aliyejiwakilisha mwenyewe alikabidhi notisi yake ya rufaa kwa maofisa wa gereza siku ya 27 baada ya hukumu. Masjala iliipiga muhuri siku ya 31, siku moja nje ya muda. Jaji William Brennan, akiandikia majaji watano dhidi ya wanne, alisema notisi inahesabika imewasilishwa pale mfungwa anapoikabidhi kwa gereza, kwa sababu hapo ndipo mamlaka yake juu ya karatasi hiyo yanapoishia. Aliongeza jambo la kiutendaji: magereza huandika barua zinazoingia na kutoka, kwa hiyo tarehe inaweza kuthibitishwa bila ubishi mrefu. Jaji Antonin Scalia alipinga, akisema kuiandika upya kanuni si kazi ya majaji. Waliokuwa na kazi hiyo wakaifanya: mwaka 1993 kanuni za rufaa zikarekebishwa ili zibebe msimamo huo. Rufaa za shirikisho hazikuporomoka kwa ajili yake. Nashangaa kwa nini busara hii imeachwa kwenye mlango wa mahakama, wakati fomu ya malalamiko ya ndani, ambayo ndiyo yenye muda mfupi kuliko yote, bado inategemea kanuni alizoziandika mlalamikiwa.

Msomaji wa Tanzania hataona ajabu kwenye mawazo haya. Kwetu mfungwa anayekata rufaa ya jinai hukabidhi notisi na sababu zake kwa mkuu wa gereza, na sheria inamwona ametimiza wajibu wake. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai, yenye siku 10 za notisi na 45 za kuwasilisha rufaa, imeandikwa kwa kujua kwamba mtu aliyefungiwa hatembei hadi masjala. Katiba nayo, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Hata hivyo tunajua jinsi pingamizi la awali la kuwa nje ya muda linavyomaliza shauri asubuhi moja, na jinsi mwombaji wa kuongezewa muda anavyotakiwa aeleze kila siku moja ya kuchelewa kwake. Mfungwa ataielezaje siku ambayo karatasi yake ililala mezani pa mtu mwingine? Swali la Marekani ni letu pia, ingawa kwao madai ya fidia dhidi ya magereza ni mengi zaidi na majeruhi wa kalenda wanaonekana wazi zaidi.

Linalofuata kutoka kwenye hoja hii ni la vitendo, wala halihitaji kumwongezea mfungwa miezi. Kila fomu ya malalamiko itolewe na risiti yenye tarehe, nakala moja ibaki kwa mfungwa, na muda uhesabiwe tangu alipoikabidhi. Barua ya mahakama ihesabike imefika siku alipotia sahihi kuipokea. Mahakama ikipewa kesi ya mfungwa, wajibu wa kutoa taarifa ya kuhamishwa uwe wa gereza, kwa kuwa gereza linajua anwani mpya kabla ya mfungwa mwenyewe. Leo mzigo huo uko kwa mfungwa, na kesi hufutwa kwa sababu hakuandika anwani. Illinois imeonyesha kwamba nyaraka za wafungwa zinaweza kuskaniwa gerezani na kutumwa kwa mahakama ya shirikisho siku hiyohiyo. Na siku mbili hadi tano za kulalamika zifutwe kabisa, maana hazipimi uzembe wa mtu, zinapima kama alikuwa na fahamu na kalamu wiki ile.

Mwezi uliopita yule mama alinipigia simu. Kesi bado ipo. Mwanawe siku hizi huandika tarehe na saa nyuma ya kila bahasha kabla hajaikabidhi, kisha humwomba askari wa zamu atie sahihi pembeni. Mama anasema baadhi yao hutia. Wengine huichukua bahasha na kuondoka.